Sauti Nyuma ya Ukuta wa Ngome

Mjomba wangu, fundi saa, hakuwa mtu wa matembezi. Lakini tangu mkewe afariki, nyumba ilimshinda. Jumanne moja asubuhi akafunga kibanda chake, akapanda kilimani kutazama magofu ya ngome ya kale. Jua liliwaka vizuri. Mlinzi wa getini akamkatia tiketi, akamtania, "Leo ngome yote yako, mzee. Jinafasi."

Akazunguka ukumbi usio na paa, akapita ngazi zinazoishia hewani. Alipochoka aliketi, akaegemea ukuta mnene, akafungua mkate wake. Kwa mazoea akaukata vipande viwili.

"Umekuja na nani?"

Sauti ya mwanamke, taratibu, nyuma ya ukuta. Mjomba akadhani ni mgeni mwenzake.

"Peke yangu."

"Huna mtu?"

"Sina mtu," akajibu. Aliniambia baadaye kwamba kulitamka neno hilo kulimpa nafuu.

"Basi zunguka huku. Kuna kivuli."

Akainuka. Akaifuata sauti, mkono ukipapasa mawe yenye chokaa, akajipenyeza kwenye upenyo mwembamba. Giza. Baridi.

"Hatua moja tu," sauti ikanong'ona. Sasa ilikuwa sikioni.

Simu ikalia mfukoni mwake. Nilikuwa mimi. Nilikuwa na wiki sita sijampigia, na hadi leo sijui nini kilinisukuma siku ile. Akasimama, akapokea, na kwa mwanga wa simu akatazama chini. Ncha ya kiatu ilikuwa imevuka ukingo wa kisima. Chini hapakuonekana.

Yaliyofuata niliyasikia mwenyewe, kwenye simu.

"Nani huyo?" sauti ya mwanamke ikauliza.

"Mpwa wangu."

Sauti ikasema polepole: "Ulisema huna mtu."

Mzee wa miaka sabini alishuka kilima mbio. Mlinzi akamsikiliza, akatikisa kichwa. Kisima cha ngome kilifukiwa kabla babu yake hajazaliwa. Wakarudi wote wawili kutazama. Palikuwa na majani tu.

Jumapili nikaenda kumjulia hali. Chumbani, upande wa kitanda aliokuwa akilala marehemu, godoro lilikuwa limebonyea kama mtu ameamka sasa hivi. Shuka ilitapakaa vumbi jeupe la chokaa.

Nikaanza kuivuta nikaifue. Mjomba akanishika mkono.

"Iache," akasema kwa upole. "Wewe jioni si unaondoka?"