D ya Disketi

Kila siku akitoka shule, Lulu alipitia ofisi ya shangazi yake pale Tandika, akavua viatu mlangoni na kushika kitambaa. Kazi yake ilikuwa kufuta vumbi. Vumbi la Tandika halina adabu. Ukilifukuza mezani linahamia kwenye kiti, ukilifuata kwenye kiti linarudi mezani kukucheka.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha kupiga chapa. Ndani yake mlikuwa na kompyuta moja, ya kwanza mtaani, iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi kama bibi harusi. Shangazi Felicitas alikuwa na sharti moja tu: Lulu aifute vumbi, asiiwashe.

Siku moja shangazi alikwenda mjini kununua wino. Lulu alikuwa na disketi mfukoni. Twalib, mwenzake wa darasa la sita, alikuwa ameahidi kumnakilia mchezo wa magari, mradi disketi iwe imeandaliwa, yaani imefutwa kila kilichomo. Lulu alishamwona shangazi akiandaa disketi: unaandika neno fulani, kisha herufi moja. Neno alilikumbuka. Herufi ilimtoka.

"Disketi inaanza na D," alijiambia. "Itakuwa D."

Akaiwasha kompyuta, akachomeka disketi, akaandika lile neno na D, nayo ikamuuliza swali refu la Kiingereza. Kiingereza cha Lulu kilikuwa cha kumwamkia mwalimu tu. Aliona mwisho wa swali anatakiwa kuchagua ndiyo au hapana, akachagua ndiyo, maana ndiyo huwa haileti ugomvi.

Kumbe herufi ya disketi ilikuwa A. Diski kubwa iliyomo ndani ya kompyuta ilikuwa imegawanywa sehemu mbili, kama nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha D ndimo zilimohifadhiwa kazi zote za wateja. Lulu alipochungulia humo, hakukuta hata jina moja. Akaizima kompyuta na kuifunika vizuri kuliko siku zote.

Kesho yake alimkuta shangazi amekaa mbele ya kioo cha kompyuta.

"Lulu, jana uliigusa hii kompyuta?"

"Niliifuta tu, shangazi."

Lilikuwa neno la kweli, na Lulu alilishika kama mtu aliyeshika mwavuli. Shangazi akakitazama kitambaa mkononi mwake, akaamini.

"Basi ni umeme wao huu, unakatika kama hauna mwenyewe," alisema. Kwa kuwa kulikuwa na mteja aliyesubiri kadi za harusi, aliziandika upya, akazihifadhi mle mle kwenye D.

Jioni akaingia Bi. Mwanabaraka, mwenye kanga ya msiba. Baba yake, Mzee Mwinshehe, alikuwa akija ofisini hapo baada ya sala ya alasiri kumsimulia shangazi maisha yake, naye akiyaandika kwenye kompyuta, ili wajukuu waje wasome. Alifariki kabla hayajachapwa. Jumamosi ilikuwa arobaini yake, na maelezo hayo ndiyo yangesomwa.

Shangazi alimweleza kwa sauti ya chini kwamba yamepotea. Bi. Mwanabaraka akakaa.

"Felicitas, sauti ya baba sina hata kwenye kanda. Nilikuwa na hayo tu."

Lulu akaona mwavuli wake unavuja.

"Shikamoo, Bi. Mwanabaraka," alisema, machozi yakimtoka. "Shangazi, mie nilifuta. Siyo vumbi. Nilifuta vilivyokuwa ndani."

Shangazi hakumgombeza. Alimwita fundi Anwar, kijana mtani kutoka mtaa wa pili, ambaye siku hiyo hakutania.

"Tangu jana mmeandika kitu humu?"

"Kadi za harusi," alijibu shangazi.

Anwar akashusha pumzi. "Sikiliza, sista mdogo. Ulichochana wewe ni orodha inayoonyesha kila kazi iko wapi. Maneno yenyewe bado yamelala humu, mpaka yaje mengine yalale juu yake. Ungesema jana, yangekuwepo yote."

Alichomeka disketi yake yenye programu ya kupekua diski kipande kwa kipande. Ila alihitaji neno la kutafuta. Akajaribu "Dar es Salaam", zikafurika barua za watu wote, maana kila barua ina anwani.

"Nipeni neno lake yeye, ambalo wengine hawana."

Lulu, ambaye alizoea kufuta dirisha polepole ili asikilize, akasema, "Mzizima. Alikataa kabisa kusema Dar es Salaam. Alimwambiaga shangazi, 'Mwanangu, andika Mzizima, jina nililolikuta.'"

Anwar akaliandika. Wakasubiri. Kioo kikajaa: Nilizaliwa Mzizima, mwaka wa njaa…

Bi. Mwanabaraka akaziba mdomo kwa kanga.

Kipande baada ya kipande, Anwar aliyakusanya kwenye diski nyingine. Walipofika karibu na mwisho, shangazi alisoma kwa sauti: "Bibi yenu nilimwona mara ya kwanza feri, amebeba mnakaribishwa wote ukumbini saa mbili usiku, zawadi ziletwe mapema."

Bi. Mwanabaraka akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio.

"Amebeba nini?" aliuliza. "Mama hakuwahi kutuambia."

Hakuna aliyejua. Kadi za harusi zilikuwa zimelala juu ya jibu.

Jumamosi maelezo yalisomwa, na mahali pale shangazi aliacha mistari mitupu. Wajukuu walipouliza, Bi. Mwanabaraka aliwaambia hajui. Baadaye alimketisha Lulu kando yake mkekani.

"Mwanangu, ulimjibu shangazi yako kwa neno la kweli ili asiuone ukweli. Huo nao ni uongo, umevaa kanzu tu. Umesema, ndiyo maana leo tumemsikia baba. Umechelewa kusema, ndiyo maana bibi yao amesimama pale feri na mzigo tusioujua. Vyote viwili ni vyako, vibebe. Siku nyingine ukikosea, sema kabla jambo jingine halijalala juu yake."

"Ndiyo, Bi. Mwanabaraka," alisema Lulu, na safari hii alijua anachokubali.