Kivuli cha Stesheni

Mpaka leo Mama Lariba, jirani yetu, anaapa kwamba maafisa wa mawasiliano walipoingia kwa Baba Napari, fundi redio wa kijiji, walimkuta na kipaza sauti mdomoni, anarusha matangazo ya wizi. "Niliona kwa macho haya!" husema huku akipepeta uwele. Hakuona. Siku hiyo alikuwa sokoni Tamale. Walichokikuta ni redio mbovu za watu, na Baba Napari ameinama analehemu waya.

Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyewaleta.

Nilikuwa darasa la sita, katika chama cha redio cha shule. Kila alasiri tulichomeka kipokezi kidogo kwenye kompyuta, tukaandika daftarini stesheni zilizojitokeza kama vilele kwenye kioo chake. Ile ya mjini ilisimama 98.3, ndefu kama mnara. Siku moja nikaiona tena, fupi, kwenye 97.3. Wimbo uleule, mtangazaji yuleyule.

"Kuna mtu anaiba matangazo anayarusha hapa kijijini," alininong'oneza Sumani, mwenzangu wa darasa. "Na nani hapa anajua redio kama si fundi Napari?"

Mwalimu Neindow alikuwa ametufundisha: kabla ya kuandika stesheni ngeni, sogeza mstari wa katikati wa kioo. Stesheni ya kweli hubaki kwenye namba yake. Kivuli hukimbia.

Sikusogeza. Niliogopa Sumani angeandika kabla yangu. Kwenye safu ya "imehakikiwa" nikatia alama.

Mwalimu aliiamini alama yangu, akapeleka taarifa ofisi ya mawasiliano. Maafisa wakaja, wakauliza nani hapa anajua redio, wakabeba kila kitu cha Baba Napari, hata redio ya imamu iliyokuwa imeletwa kutengenezwa.

Kesho yake nikafungua kompyuta. Pale 97.3 palikuwa bado panaimba.

Nikasogeza mstari wa katikati, kutoka 97.8 hadi 97.9. Ile ya mjini haikutikisika. Ile fupi ikaruka hadi 97.5.

Siku nne nzima nilinyamaza. Ya tano nikamwambia mwalimu.

Hakunipiga. Alivuta kiti akakaa. "Ndani ya kipokezi mna njia mbili zinazotakiwa kulingana," alisema. "Zisipolingana, stesheni yenye nguvu hujitokeza tena upande wa pili wa mstari wa katikati, kama uso wako kwenye maji." Akarekebisha mizani ya njia zile kwenye kompyuta, kivuli kikafifia, kikafa. Kazi ya dakika mbili. "Sikiliza, Wunpini. Mashine kukosea si dhambi. Wewe uliandika umepima, na hukupima. Na mimi sikurudia kupima. Kialama kidogo cha uongo kimebomoa kazi ya mtu."

Tulikwenda ofisini pamoja. Vitu vilirudishwa ndani ya gunia, nusu vimevunjika. Wateja hawakurudi; maneno ya Mama Lariba yalikuwa na miguu mirefu kuliko yetu.

Nilimkuta Baba Napari barazani kwake anamenya karanga. Nikachuchumaa, macho chini, kama tunavyowaamkia wakubwa.

"Baba, ni mimi niliyeandika. Naomba unisamehe."

Aliendelea kumenya.

"Napari, mtoto anakusemesha," mkewe alisema kutoka jikoni.

Nikarudia, kwa sauti zaidi. "Baba, naomba unisamehe."

Akapuliza maganda mapajani, akainuka na bakuli lake, akaingia ndani.