Kofia Iliyobaki Kwenye Benchi

Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa kina Soumaya katika mtaa wa Buyenzi, kila mtu alikuwa na kazi yake. Mama Zubeda, mama yao, alikaanga mandazi ya kuuza katika jiko la nje. Faridi, mwenye miaka minane, alifagia ua huku akipiga teke kila kilichopigika. Soumaya, dada yake wa miaka kumi na miwili, aliosha vyombo. Baba yao, Shakuru, aliketi barazani akishona kofia.

Shakuru hakutumia cherehani. Kofia zake zilikuwa za mkono, zenye viua, vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, na kofia moja ilimchukua wiki tatu au zaidi. Watu walisema sindano ya Shakuru haijui kukosea. Mabwana harusi wengi wa Buyenzi waliozwa wakiwa na kofia yake kichwani, na yeye mwenyewe hakutoka nyumbani bila ya kwake, nyeupe pe, isiyo na doa.

Siku hiyo aliiweka sindano chini mapema. Taa ya nje, iliyokuwa ukutani kando ya mlango, ilikufa tangu mvua za mwezi uliopita, na Mama Zubeda alikuwa akikaanga alfajiri kwa mwanga wa simu. Mafuta ya moto na giza havipatani hata kidogo. Taa mpya ilikwisha kununuliwa. Ila Mama alitaka isirudi pale pa zamani, bali ikae juu ya jiko, na waya uliotoka ukutani haukufika huko. Ulipungua kama hatua mbili.

"Nitaunga," alisema Shakuru. "Kipande cha waya na utepe mweusi, basi."

Marehemu baba yake alikuwa fundi umeme, na alimwachia kanuni moja. Kabla ya kugusa waya, mtu anazima dijonkteri, yaani swichi kuu iliyo kando ya mita, kisha anatundika kofia yake juu yake. Kofia ikining'inia pale, kila aliyemo nyumbani anajua kwamba kuna mtu anashika waya, na hakuna anayegusa kitu. Soumaya alikua akiiona kawaida hiyo.

Saa nane mchana umeme ukakatika, kama ilivyokuwa desturi siku hizo. Ukikatika saa nane, hurudi magharibi. Shakuru alifurahi, maana aliona kazi imerahisishwa. Aliegemeza ngazi ukutani, akavua kofia, akaiweka kwenye benchi alipokuwa ameketi Soumaya.

"Soumaya, enda uzime dijonkteri ku mita, utundike kofia yangu. Mi napanda."

Soumaya alitazama viganja vyake. Kesho yake binamu yao alikuwa anaolewa, na jirani yao Assia alikuwa ametoka tu kumpaka hina. Maua yalianzia kwenye vidole yakashuka hadi kwenye vifundo vya mikono, na yote yalikuwa bado mabichi. Akigusa swichi, yangeharibika. Akishika kofia, ingechafuka, na maua yangeharibika vilevile. Isitoshe, umeme wenyewe haupo. Kuna maana gani kuzima kitu kilichozimika?

Angeweza kusema, "Baba, mikono yangu ina hina." Maneno matano tu. Lakini aliogopa kuambiwa aioshe.

"Umezima?" Baba aliuliza kutoka juu ya ngazi.

"Nimezima, Baba."

Robo saa haikupita. Soumaya alikuwa akipuliza viganja vyake alipoisikia redio ndani ya nyumba ikianza kuongea katikati ya habari. Ndipo alipoelewa, na alipoelewa alikuwa amechelewa. Baba hakupiga kelele. Mkono wake wa kulia ulibaki umeng'ang'ania waya, mwili ukatetemeka, kisha ngazi ikateleza na Shakuru akaanguka kwenye saruji ya ua.

Majirani walijaa. Mmoja wao, Yahaya, alikimbilia kwenye mita akaikuta dijonkteri imewashwa, na Faridi amesimama ushorobani chini yake, mpira mkononi, mdomo wazi.

"We mutoto, ni we umewasha?"

"Apana. Mi sikugusa kitu."

Nani angemwamini? Uani walikuwa wamemsikia Soumaya akisema amezima. Mwaka jana aliwahi kuichezea swichi ile ile, akazima na kuwasha mpaka redio ya zamani ikaungua. Mama Zubeda, aliyekuwa amechanganyikiwa kwa hofu, alimzaba kibao kimoja kilichosikika mpaka nje. Faridi alimtazama dada yake. Soumaya alitazama chini.

Shakuru alipelekwa hospitali. Majirani walisema ajali haina kinga. Hii ilikuwa na kinga, na kinga yenyewe ilikuwa imekaa kwenye benchi tangu mwanzo.

Harusi ilifanyika bila wao. Hina ya Soumaya ilikolea vizuri kuliko ya mtu yeyote, na hilo lilikuwa adhabu yake. Hospitalini wauguzi walimsifia. "Mikono mizuri hii," walisema, na yeye akaificha ndani ya mtandio. Nyumbani, Faridi aliacha kupiga teke vitu. Akitaka kwenda chumbani hakupita ushorobani penye mita, alizunguka nje kupitia mlango wa jikoni. Hakumsema dada yake, kwa sababu hakujua la kusema. Alijua tu kwamba hakugusa kitu na kwamba hakuna aliyemwamini. Soumaya alijua vyote viwili, na kwa siku nne alinyamaza. Kila asubuhi alijiambia atasema jioni, na jioni ikifika alijiambia atasema asubuhi.

Siku ya nne, Mama Zubeda, akiwa na Soumaya, alimpelekea mumewe nguo safi na ile kofia yake. Shakuru alikuwa na fahamu zake zote, lakini mkono wake wa kulia ulifungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Daktari alikuwa amekwisha kusema wazi: mkono utapona, ila kidole gumba na cha shahada havitakunjika tena vizuri. Kwa mtu mwingine, ni vidole viwili. Kwa mshonaji, hivyo ndivyo vinavyoshika sindano.

"Faridi haji kuniona?" aliuliza.

"Aje na uso gani?" alisema Mama. "Si yeye alitoa kofia, akawasha? Nilimupiga, na bado anakataa."

Shakuru aliichukua kofia kwa mkono wa kushoto, akaigeuza ndani na nje, polepole, kama mtu anayekagua kazi. Ilikuwa nyeupe, haina doa. Kisha akatazama mikono ya binti yake, iliyokuwa imejificha ndani ya mtandio.

Soumaya aliona macho ya baba yake yakitoka kwenye kofia kuja kwake, akajua hakuna pa kukimbilia.

"Ni mimi, Baba," alisema. "Sikuzima. Hina ilikuwa mbichi. Umeme haukuwapo, nikasema hakuna neno. Faridi hakuwasha. Ilikuwa imewashwa tangu mwanzo."

Mama Zubeda aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akautazama mkono wake mwenyewe, ule uliompiga mtoto.

"Nilipoiona nilijua kofia hii haikushikwa na mikono ya hina," alisema Shakuru. "Sikujua kama mutoto wangu alipigwa. Walahi, hilo sikulijua." Aligeuza uso ukutani, na Soumaya aliona mabega yake yakitikisika. Alikuwa hajawahi kumwona baba yake akilia.

Jioni ile Mama Zubeda alipiga magoti mbele ya mwanawe akamwomba radhi. Faridi alimkumbatia mama yake. Soumaya naye alisema, "Nisamehe, mdogo wangu." Faridi alisikia, akachukua mpira wake akatoka nje.

Wiki mbili baadaye Shakuru alirudi nyumbani, na akaja fundi Chabani, rafiki wa zamani wa marehemu baba yake, kumalizia taa. Fundi alitazama kile alichokuwa akikitayarisha Shakuru, akatikisa kichwa.

"Bon, basi, hata kama usingepigwa na umeme siku ile, huu utepe ungekuua siku nyingine," alisema. "Utepe wa nje unakaushwa na jua, kisha mvua inaingia. Waya hauungwi hewani."

Alifungua mfuko wake. Akatoa waya mnene wa nje, bomba la plastiki la kuupitishia, na kisanduku chenye kifuniko cha mpira kisichoingiza maji. Aliwaonyesha watoto domino, kile kipande kidogo cha plastiki ambacho ndani yake nyaya hubanwa kwa skrubu, na akawaeleza kwamba domino yenyewe hukaa ndani ya kisanduku, si nje. Waya utaingia kwa chini baada ya kupinda, ili maji yadondoke kabla ya kufika kwenye maungio. Na waya wa tatu, wa rangi ya kijani na njano, hauachwi ukining'inia, maana huo ndio unaopeleka umeme ardhini hitilafu ikitokea.

"Sasa nani anazima?" aliuliza.

"Mimi," alisema Soumaya.

Aliingia ushorobani, akaishusha dijonkteri, akatundika kofia ya baba yake. Alirudi uani.

"Nimezima."

Faridi aliinuka kwenye benchi. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alipita mlango wa mbele, akaingia ushorobani, akasimama chini ya mita, akatazama juu. Kisha akarudi.

"Ni kweli," alimwambia fundi. "Amezima."

Uso wa Soumaya uliwaka kwa aibu. "Baba, haniamini," alisema, na machozi yakamtoka.

"Mwache," alisema Shakuru. "Siku ile angekuwapo mutu wa kwenda kuangalia, vidole vyangu vingekuwa vyangu. Na mutu huyo alipaswa kuwa mimi. We ulikuwa mvivu ku benchi, mi nilikuwa mvivu ku ngazi. Niliona umeme umeenda, nikasahau kama unarudi. Anayeshika waya ndiye anayepaswa kuhakikisha." Alimgeukia binti yake. "Lakini sikia, mwanangu. Waya hausikii maneno. Ukiuambia umezima na hujazima, wenyewe haujali. Mutu ndiye anayekusikia, anakuamini, na anaweka mukono wake pale. Na siku ulizonyamaza zilimuumiza mwenzako kuliko kile kibao."

"Na Faridi? Ataniamini lini?"

"Atakuamini. Ila si kwa maneno, na si leo."

Fundi Chabani alipanda ngazi na, pamoja na yote hayo, akagusisha bisibisi yake ya kupimia umeme kwenye kila waya kabla ya kuushika kwa mkono. Kazi ilimchukua saa nzima. Aliposhuka, alimwashiria Soumaya kwa kichwa.

Soumaya aliiondoa kofia, akawasha dijonkteri, na taa ikawaka juu ya jiko la mama yake. Alimpelekea baba yake kofia. Hina ilikuwa imekwisha kufutika viganjani mwake. Shakuru aliipokea kwa mkono wa kushoto.