Laini ya Arobaini

Laini ya arobaini, ile ya chumba cha mtambo wa simu, iliita saa nane mchana kama kawaida yake, na kama kawaida, ndani ya chumba kile hapakuwa na simu.

Mama Laini, mpokeaji simu wa kiwanda cha magodoro, aliinua mkonga akanyamaza. Harufu ya nywele zilizoungua ilimjia kutoka chini ya mlango wa chumba kile. Upande wa pili mtu alibisha hodi, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyesimamishwa juani muda mrefu. Hodi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Akaurudisha mkonga mahali pake, akaendelea kunywa chai yake iliyopoa. Miaka kumi na tisa, jamani. Mtu akichoka kiasi kile, hata woga wake huchoka.

Shangazi yake ndiye aliyemwachia kiti kile, pamoja na sharti moja.

"Wote waambie karibu, mwanangu, ndiyo kazi yetu. Laini ya arobaini, thubutu! Huyo ni jini, na haingii mahali mpaka akaribishwe."

Mpokeaji aliyemtangulia shangazi alijisahau siku moja tu, akasema karibu. Alirudi nyumbani jioni na mgeni wake, na wiki haikuisha akawa amemzika mama yake.

Mama Laini naye alikuwa na mama. Bibi kizee huyo alikuwa kitandani mwaka wa pili, miguu imekufa ganzi, analishwa, anageuzwa, na mchana kutwa anaachwa na jirani mwenye mkono mzito na mdomo mkali. Hilo ndilo lililomkondesha binti. Jini, yeye alishamzoea.

Basi mtambo ulipozeeka na kuanza kuwakatia wateja simu, bosi alimwita fundi.

"Njia ni mbili," fundi alisema, akifuta vumbi mikononi. "Mnunue mtambo mpya, ukae chumba hikihiki, muutunze wenyewe. Au mhamie simu za intaneti. Hapo mtambo unakaa kwa wenye huduma, huko mbali. Nyinyi ni kupiga na kupokea tu."

Bosi akageuka. "Mama Laini, wewe ndiye unayeishi nao. Unasemaje?"

"Huko mbali ni mbali kiasi gani?"

Fundi akacheka. "Mama yangu, hata mimi sipajui."

"Na nitaweza kupokea simu za kazini nikiwa nyumbani?"

"Hata ukiwa jikoni. Nakuwekea kwenye simu yako ya mkononi."

Mama Laini aliutazama mlango wa chumba cha mtambo. "Basi tuhamie. Hili sanduku litoke, bosi. Nimechoka. Nimechoka mpaka kwenye mifupa."

Fundi alifanya kazi siku mbili. Alinakili laini zote, ya kwanza hadi ya arobaini, wala hakuuliza ya arobaini ni ya nani. Mwishoni alimwomba Mama Laini arekodi salamu, ili kila anayepiga, simu isipoinuliwa, apokewe kwa sauti yake. Alirekodi mara tatu. Ya tatu ndiyo iliyotoka nzuri, yenye uchangamfu, maana wakati ule wapagazi walikuwa wanalitoa sanduku nje na moyo wake ulikuwa mweupe.

Saa nane ya siku ile ilipita kimya. Alilia kwa raha, peke yake, chooni.

Jumatatu alikuwa nyumbani, kando ya kitanda, anamlisha mama yake uji. Dirisha lilikuwa wazi, jua limejaa chumbani. Simu yake ikaita. Akatazama kioo chake: laini ya arobaini.

"Sipokei," alinong'ona. "Mama, mimi sipokei."

Hakupokea, Mungu shahidi, hata kidole hakukigusisha, lakini mlio ulikatika wenyewe na ndani ya simu, wakati uji ukimdondokea mapajani bila yeye kuuhisi, ikatoka sauti changamfu, sauti yake mwenyewe ya siku ile aliyodhani amepona, ikisema bila kusita neno alilomnyima jini kwa miaka kumi na tisa: "Karibu! Umefika kwetu. Karibu sana."

Safari hii hodi haikubishwa.

Harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa tayari imo chumbani.

"Mwanangu," mama yake alisema kwa upole, akitazama nyuma ya bega la bintiye, "mgeni umemwita mwenyewe. Sasa mbona humpi mahali pa kukaa?"

Godoro, lile alilopewa kiwandani, likabonyea upande wa miguuni, polepole, kama anapoketi mtu mzima aliyetoka mbali. Na bibi kizee, ambaye kwa miaka miwili hakuweza kusogeza hata kidole cha mguu, akaikunja miguu yake yote miwili kumpisha.