Ngoma Chini ya Kiti cha Koko

Kila asubuhi kabla ya kunywa uji, Izabayo alikuwa na kazi tatu: kumwaga maji ya beseni lililokinga matone ya paa, kuupiga teke mlango wa mbele ili ufunguke, na kumwamsha mdogo wake Shema, ambaye naye alifunguka kwa shida kama mlango. Nyumba yao ilikuwa mpya. Yaani, mpya kwao. Yenyewe ilikuwa imezeeka vya kutosha, ila mzee Harelimana aliyewauzia aliipaka rangi siku chache kabla hawajaja kuitazama, na rangi haina mdomo wa kusema yaliyo nyuma yake.

Wiki ya kwanza paa lilivuja juu ya mto wa kulalia wa Papa. Wiki ya pili bomba la jikoni lilikohoa siku mbili mfululizo, likatema maji ya rangi ya chai, kisha likanyamaza. Mlango wa mbele nao ulishikiliwa na bawaba zilizolegea. Ukiuvuta kwa hasira, unabaki nao mkononi.

"Tumenunua nyumba au tumenunua mgonjwa?" aliuliza Maman Épiphanie huku akifunga ndoo yake ya sambaza, tayari kuvuka mpaka kwenda kuuza samaki hao Bukavu.

"Mgonjwa anatibiwa," Papa alijibu. Papa Munyemana alikuwa dereva wa lori la saruji huko Muganza, na mtu aliyezoea kona za milima ile hababaishwi na bomba. "Jumamosi tunataha nyumba. Wageni wakija, tabasamuni, na mtu asiguse mlango."

Kutaha nyumba ni sherehe ya kuikaribisha nyumba mpya. Ndugu, majirani na watu wa kanisa huja wakaombea, wakala, wakaimba na kucheza. Koko, yaani bibi yao mzaa mama, angekuja pia. Maman alikuwa ameshaazima kiti kikubwa cha sofa kwa ajili yake, kwa sababu Koko alikuwa mwanamke mnene na viti vya plastiki vilimwogopa.

Sasa, katika nyumba hiyo kulikuwa na ugonjwa mmoja uliojulikana na Izabayo peke yake. Yeye hakuuita ugonjwa. Aliuita bahati.

Nyuma ya nyumba, kati ya jiko na migomba, mzee Harelimana alikuwa amepanda nyasi laini, kipande kimoja tu cha mraba, kama zulia. Siku moja Izabayo alikuwa akijifunza pale mchezo wa ngoma wa shuleni. Akanyanyua mguu, akakanyaga. *Bum!* Akasimama. Akasogea pembeni, akakanyaga tena. *Pa.* Akarudi kwenye nyasi. *Bum!* Ardhi ilikuwa ikimjibu kama ngoma kubwa ya harusi.

Hapo maisha yake yakageuka. Alikuwa mgeni katika darasa la sita, na kwa wiki mbili hakuna aliyemsemesha ila kumwomba kalamu. Lakini alipomwonyesha Nasiba, binti wa jirani, ile ngoma ya ajabu, kesho yake walikuja wasichana wanne. Kesho kutwa saba. Mashindano ya ngoma ya shule yalikuwa karibu, na kila jioni uwanja wa kina Izabayo ulinguruma. Msichana aliyekuwa hana rafiki hata wa dawa sasa alikuwa akiamuru, "Wewe nyuma! Wewe mbele! Nasiba, unacheza kama umebeba jerikani!"

Alhamisi mvua kubwa ilinyesha. Ilipokatika, Izabayo na Nasiba walikimbilia uwanjani. Pembeni mwa nyasi ardhi ilikuwa imebonyea, na katikati ya pale palipobonyea palikuwa na tundu jeusi, upana wa sahani.

Walichuchumaa. Harufu iliyotoka humo ilikuwa mbaya kuliko soksi za Shema, na soksi za Shema hazikuwa mchezo. Nasiba aliangusha jiwe. Wakasikiliza.

Moja. Mbili. *Chubwi.*

Wasichana wale wakatazamana.

"Twende tumwambie baba yangu," Nasiba alinong'ona. Baba yake, Hamdani, alikuwa fundi wa kujenga. "Yeye anajua mambo ya ardhi."

"Ukimwambia baba yako, atamwambia Papa. Papa atafunga uwanja. Wenzetu watafanyia mazoezi wapi? Watahamia uwanjani kwa Bella wa darasa letu, na mimi nitabaki na nani?"

"Na mtu akitumbukia?"

"Nani atatumbukia? Nitafunika. Sherehe ikiisha, Jumapili, nitasema. Haki ya Mungu nitasema."

"Mimi sipendi, Iza."

"Siku tatu tu! Au hutaki tushinde?"

Nasiba alikaa kimya, na Izabayo akauhesabu ule ukimya kuwa ni ndiyo. Akaweka kipande cha bati juu ya tundu, juu ya bati akatandika mkeka mkuukuu, na juu ya mkeka akaweka mkebe wa maua. Akarudi nyuma kutazama kazi yake. Palipendeza. Hata mzee Harelimana angempa hongera.

Usiku ule na uliofuata, kila alipofumba macho, alisikia *chubwi*.

Jumamosi mchana Maman alimtuma dukani pamoja na Shema kuleta soda. Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi na kreti kichwani, jasho likimtiririka, wageni walikuwa wamejaa, na uwanja ulikuwa umebadilika. Kwa sababu ya matope, Papa alikuwa ametandika shitingi kubwa ya bluu, yaani turubai la plastiki, juu ya kila kitu: nyasi, mkeka, vyote. Mkebe wa maua ulikuwa umehamishiwa mlangoni uwe pambo.

Na pale pale juu ya shitingi, mahali pazuri kuliko pote, penye kuliona ziwa na vilima vya Bukavu ng'ambo, kilikaa kile kiti kikubwa. Na ndani ya kiti alikaa Koko.

Kreti nusura limwanguke Izabayo. Alikimbia jikoni. "Maman! Kiti cha Koko kiondolewe pale!"

"Kimefanya nini?"

"Pale… pale si pazuri."

"Papa yako amechagua mwenyewe, kuna upepo. Chukua sahani hizi, haraka! Pasta amefika."

Alimwendea Papa, aliyekuwa amesimama na pasta. "Papa, samahani—"

"Baadaye, Iza. Watu wazima wanaongea."

Alimtafuta Nasiba kwa macho. Nasiba alikuwa kando ya baba yake, akimtazama Izabayo, kisha kiti, kisha Izabayo tena. Maneno hayakuhitajika. *Sema.*

Akajiambia angengoja maombi yaishe. Maombi yakaisha, watu wakala, naye bado anangoja. Kisha mama mmoja wa kwaya akapiga kigelegele, na kwaya nzima, watu kumi na sita waliokwisha kula vizuri, ikaja kucheza mbele ya Koko.

*Bum. Bum. Bum.*

"Ee!" Koko alicheka, mabega yakitikisika. "Hii nyumba yenu iko na ngoma ndani! Kule Bukavu hatukuonaka nyumba ya hivi!"

Watu wote walicheka. Kwaya ikaona sifa, ikaongeza nguvu. Shema naye akajitupa katikati akiruka kama panzi. *Bum! Bum!* Na Izabayo, mwenye sahani sita mikononi, akaona mguu wa nyuma wa kiti ukizama. Kidogo tu, kama upana wa kidole. Kisha kidole cha pili. Koko akaegemea nyuma bila kujua kitu, akipiga makofi.

Kama angepiga kelele, kila mtu angejua alichokifanya. Watu wa kanisa. Papa. Wasichana wote. Mguu wa kiti ukazama kidole cha tatu.

Sahani zikaanguka.

"Acheni kucheza!" Izabayo alipiga kelele. "Chini ya Koko kuna shimo! Kuna shimo kubwa, mimi nimelifunika, acheni!"

Wimbo ukakatika. Mtu mmoja akacheka, akadhani ni mchezo wa kuigiza. Papa akaja mbio, uso umebadilika. "Unasema nini wewe?"

"Ni kweli!" Nasiba alisema kwa nguvu. "Nimeliona. Tuliangusha jiwe, likachelewa kufika chini."

Fundi Hamdani hakuuliza swali hata moja. Alipiga magoti ukingoni mwa shitingi, akagonga ardhi kwa ngumi, akasikiliza, akasogea, akagonga tena. Alipoinua kichwa, sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Kwaya, rudini nyuma. Mmoja mmoja. Msikimbie. Mtoto, njoo kwangu polepole. Hivyo hivyo. Koko, wewe usisogee kabisa."

"Kuko nini?" Koko aliuliza. Kicheko kilikuwa kimemtoka. Alishika mikono ya kiti.

"Kuna kazi ndogo tu, mama yangu. Munyemana, nataka ubao mrefu na mpana. Sasa hivi!"

Papa akageuka huku na huku. Ubao wa wapi? Mara akaukumbuka mlango. Akaukimbilia, akauvuta mara moja tu, ukatoka na bawaba zake zote. Ilikuwa mara ya kwanza mlango ule kufanya kazi yake bila kupigwa teke.

Wakaulaza mbele ya kiti, ncha moja kwenye ardhi ngumu. Papa na Hamdani wakalala kifudifudi pembeni, wakanyoosha mikono.

"Shuka taratibu, Koko," alisema Hamdani. "Magoti juu ya mlango. Tambaa."

"Na hii gauni yangu mupya?"

"Maman, acha gauni!" Maman Épiphanie alimlilia mama yake.

Koko akashuka. Mlango ukalia. Akatambaa, mkono mmoja, goti moja, huku akiita jina la Yesu kila sentimita. Chini yao kitu kilipasuka, *krak*, kama gogo linalokatika. Papa akamkamata mkono wa kulia, Hamdani wa kushoto, wakavuta kwa pamoja. Koko akafika kwenye ardhi ngumu, akamwangukia Papa kifuani.

Nyuma yake shitingi ikajikunja katikati kama karatasi. Kiti kikainama, kikainua miguu ya mbele, kikazama. Wote wakasikiliza kwa muda mrefu mno.

*CHUBWI!*

Kisha Koko, bado amekalia tumbo la Papa, akasema polepole, "Kiti imeenda. Mi nimebaki. Mungu asifiwe."

Izabayo alianza kulia, na alilia mpaka Koko mwenyewe akamvuta na kumfuta machozi kwa lile gauni jipya lililojaa matope.

Siku ile ile Mukabera, mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wao, alimpigia simu mzee Harelimana, na Jumanne mzee akaja. Alisimama ukingoni mwa shimo, kofia mkononi.

"Lilikuwa choo chetu cha zamani," alisema. "Tulichimba kingine, hili tukaweka magogo na udongo juu. Nilidhani magogo yatakaa miaka mingi."

"Mbona hukuwaambia?" Mukabera aliuliza.

"Ningesema, wangenunua?"

"Ningekuomba ulijaze kwanza, kisha ningenunua," Papa alijibu. "Mama mkwe wangu nusura afie humo, mzee. Na mtoto wangu alikuwa akicheza juu yake kila jioni."

Mzee alitia sahihi mbele ya Mukabera kwamba angeleta mawe na mchanga wa kujaza shimo, pamoja na fundi wa paa. Siku ya umuganda, Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi ambapo majirani hufanya kazi pamoja, watu walipanga mstari wakapokezana mawe. Mzee Harelimana alikuwa wa kwanza mstarini, Izabayo wa pili. Wasichana wote saba walikuja pia. Bella alikuwa na jiwe dogo kuliko wote na malalamiko makubwa kuliko wote.

Shimo lilipojaa na kushindiliwa, Papa aliwaita wanawe wakae naye juu ya jiwe lililobaki.

"Iza, najua uliogopa kubaki bila marafiki," alisema. "Lakini hebu tazama. Harelimana alilifunika shimo hili kwa nyasi. Wewe ukalifunika kwa mkeka. Na mimi? Siku ya kwanza nilijiuliza kwa nini mtu apande nyasi kipande kimoja tu. Sikuuliza, kwa sababu niliitaka nyumba. Nikaja kutandika shitingi. Watu watatu tumelifunika, na hakuna aliyelijaza. Kosa ukilificha halipungui, linangoja tu mtu wa kukaa juu yake. Ukiona hatari, sema siku ile ile, hata kama utaonekana mbaya. Uliposema siku ya sherehe ilikuwa dakika ya mwisho, lakini ulisema mbele ya watu wote, na kwa hilo nakushukuru. Mara nyingine usinivunjie sahani sita kwanza."

"Ndiyo, Papa," Izabayo alisema. Akafikiri kidogo. "Papa?"

"Sema."

"Dirisha la chumba chetu lina ufa. Na Shema ameficha paka chini ya kitanda."

"Iza!" Shema alilalamika.

Jioni wasichana walirudi na mazoezi yakaanza tena. Koko alifika wakati huohuo, akatazama pale palipojazwa, akaagiza kiti. Si kwenye kivuli wala ukutani.

"Wekeni pale pale," alisema. Akakaa kwa uzito wake wote. Kiti hakikutikisika. "Sasa cheza, mutoto yangu."

Izabayo alinyanyua mguu, akakanyaga kwa nguvu mbele ya miguu ya bibi yake.

*Pa.*

Ilikuwa sauti kavu, fupi, isiyo na uzuri wowote. Izabayo aliisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akakanyaga tena.