Mwacheni Sindano Amalize

Katika nyumba ya mama muuza mboga, maneno hayakuwahi kupoa. Huyu anasema, yule anadakia, jirani anachangia dirishani. Lakini hakuna aliyemfikia binti mkubwa, fundi cherehani. Ulimi wake ulichoma, ndiyo maana wakamwita Sindano.

Siku moja Sindano alipanda pikipiki bila kofia ngumu.

"Ni hapo tu, mama."

Hapo tu pakamlaza hospitali. Pikipiki iliteleza, kichwa kikapiga lami, ubongo ukaumia. Madaktari walimwokoa. Akarudi nyumbani kwa miguu yake, lakini akarudi kimya.

Ukimwuliza jambo, midomo ilitafuta neno, neno lisije. Mama hakustahimili. Akawa anamjibia.

"Hujambo, Sindano?"

"Hajambo huyo!"

"Umekula?"

"Ameshiba!"

Redio iliimba kutwa, wageni walijaa. Sindano alishika kichwa, akalia, akajifungia chumbani.

"Amekuwa kama mtoto," mama alimwambia kaka yake. "Njoo uchukue cherehani, mwanao ajifunzie. Huyu basi tena."

Mjomba alipokuja, alimkuta mtaalamu wa tiba ya usemi, mwanamke aliyetumwa na hospitali kumtazama mgonjwa nyumbani.

"Sindano, unataka cherehani hii iende?" mtaalamu aliuliza.

"Iende tu, inashika kut—"

"Nimemwuliza yeye, mama."

"Mwanangu, huyu hasemi!"

"Atasema saa ngapi, na zamu yake mnaila nyinyi? Akili anayo. Maneno anayo. Njia ya kuyafikia ndiyo iliyoharibika, kwa hiyo anazunguka. Ukimdakia, unamrudisha alikoanzia. Na kelele zinamchosha ubongo. Zima redio. Uliza jambo moja, kisha ngoja."

Redio ikazimwa. Mama akaziba mdomo kwa kiganja. Mjomba alikohoa, dada yake akamkata jicho.

Sindano alifumba macho. Jasho likamtoka puani. Mama alimwona mwanawe akipanda, kama mtu aliye ndani ya kisima, anashika jiwe, linamponyoka, anashika jingine. Alitaka kumvuta. Akajizuia.

"Ya... yangu," Sindano alisema.

Akapumzika. Akamgeukia mjomba.

"Nunua... yako."

Mjomba alicheka hadi akakaa chini. Mama akaondoa kiganja mdomoni. Kumbe Sindano alikuwa humo siku zote, na ukali wake!

Nyumba ikabadilika. Wageni wakawa wanakuja mmoja mmoja. Mchana Sindano alilala kidogo, kisha akashona mishono myepesi, akichora alama za chaki zimkumbushe hatua anazosahau. Suti bado zilimshinda. Mama naye akawa mkali kwa kila abiria wa pikipiki: "Kofia! Na ukigonga kichwa, ukatapika au ukalegea kwa usingizi, usilale. Hospitali!"

Mtaalamu aliwapeleka pia kwenye kikundi cha walioumia ubongo na jamaa zao. Siku ya kwanza alisimama bawabu mmoja, mtu wa miraba minne, amtambulishe aliyekuja naye. Akafungua mdomo. Neno halikuja.

Chumba kizima kikangoja. Hakuna aliyenong'ona, hakuna aliyedakia. Mama alikwisha kukaa harusini na matangani, hakuwahi kuona watu wengi hivyo wakimnyamazia mtu mmoja kwa upendo.

Jasho lilimtiririka bawabu. Mwanamke aliyekaa kando yake aliinua uso, akangoja naye.

"Mke," bawabu alisema. "Mke... wangu."