Mikono Iliyomzuia Maren

Jumamosi sokoni Madison huwa hakupitiki. Curtis alikuwa amekumbatia jibini na mahindi alipozibiwa njia na msichana aliyevaa koti jekundu la mvua, sauti imemkauka. Alikuwa akikusanya sahihi za kudai bunge la dunia nzima, wabunge wake wachaguliwe na kila mtu popote alipo.

"Dunia nzima? Mimi hata mwenye nyumba wangu hanisikilizi."

"Ndiyo maana utie sahihi, mpenzi."

Mpenzi alimwita kila mpita njia, ila Curtis lilimkolea. Wiki iliyofuata alijiunga na kikundi chao, na kabla theluji haijaanguka yeye na Maren, yule msichana wa koti jekundu, wakawa wanaishi pamoja, mchana wanapigiana simu kuulizana upuuzi mtupu.

Kikundi chenyewe hakikuwa na mwenyekiti wala kura. Jambo lilipita wote wakikubali; mmoja akikunja mikono kifuani, limekufa. Sharti lilikuwa moja, ukunje kwa ajili ya msimamo, si kwa faida yako.

Mwezi wa nne likaja pendekezo kwamba Maren aende Geneva miaka miwili, akaandike rasimu ya katiba ya bunge hilo. Alikuwa akiiota kazi hiyo tangu shuleni. Wengine wote wakapunga vidole juu kukubali.

Curtis akakunja mikono. Alisema harakati za wananchi zisianze kuzaa wakubwa. Alisema vizuri, mwongo yule, mpaka Maren mwenyewe akakubali. Nafasi ikaenda kwa mtu wa kikundi cha mji mwingine.

Asubuhi yake, Maren akiwa na macho mekundu, alimpakulia chapati za maji na kumshukuru kwa kutanguliza msimamo mbele ya mapenzi. Curtis akambusu.

"Angalau kiangazi hiki tutakuwa wote ziwani, laazizi."

Maren akaweka mwiko chini. Jioni hakuwemo nyumbani.

Siku ya tatu ndipo Maren alipopokea simu yake. Curtis alilia, akaomba amwoe, akaahidi kukiri uongo wake mbele ya kikundi kizima.

"Watakusamehe," Maren alisema. "Wana roho nzuri wale."

"Na wewe?"

"Ungeniomba nibaki, Curtis, ningebaki. Ningekununia wiki nzima, halafu ningebaki."

Akakata. Curtis alipiga tena mpaka chaji ikaisha.